Aliyesema "Renchi"

Spana ilikuwa mezani, juu ya gazeti la juzi, na Konstebo Catchpole aliisogeza kwa kidole kimoja kama anayemsogezea mgeni sahani ya samaki aliyeanza kunuka.

"Ndiyo hiyo, afande. Tuliiokota chini ya jukwaa la ukumbi, pale pale kengele ilipofunguliwa."

Inspekta Basil Garrod aliinama kuitazama bila kuigusa. Ilikuwa spana malaya kubwa, ile ya mdomo unaopanuka na kubana, na shingoni ilikuwa na mstari wa rangi ya njano. Hapakuwa na mtu Brandeswell asiyeijua njano ile. Wakati wa vita Wamarekani walikuwa na kambi yao ya ndege hapo nyuma ya kanisa, na kila kifaa chao walikipaka mstari wa namna hiyo ili kisipotee. Vita viliisha, wakaenda zao, njano ikabaki.

"Na mwenyewe ni nani?" Garrod aliuliza.

"Nani tena, afande? Vernon Ostby. Mmarekani ni yule yule mmoja tuliyebaki naye." Catchpole alielekeza kidevu kwenye mlango wa mahabusu, ambayo kwa kweli ilikuwa stoo ya makaa iliyotiwa komeo. "Na si spana peke yake. Bibi Olive alimsikia kwa masikio yake."

Garrod alikuwa ameshayasikia maneno ya Bibi Olive Pryke kutoka kwake mwenyewe, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya plasta. Alhamisi, kabla mwuza maziwa hajapita, mama huyo alikwenda ukumbini kuwasha jiko. Nyuma ya pazia la jukwaa akasikia mtu anahangaika na chuma na kujisemea peke yake kwa kunong'ona: "Renchi iko wapi? Iko wapi hiyo renchi?" Akaita. Pazia likafunguka kwa nguvu, mtu aliyekumbatia kitu kilichofungwa gunia akampita kwa kasi na kumpiga kikumbo, naye akaangukia mkono. Sura hakuiona. Alipotazama juu ya jukwaa, kengele haikuwepo.

Kengele yenyewe ilikuwa ya shaba, na kambi ndiyo iliyowaachia. Baraza la kijiji lilikuwa limeamua kumwuzia mtu wa vyuma chakavu, aiyeyushe, ili paa la ukumbi lipate kuezekwa upya. Alikuwa aje kuichukua Alhamisi hiyo hiyo.

"Renchi," alisema Catchpole. "Sisi hapa tunasema spana, afande, tangu babu zetu. Renchi ni ya Wamarekani. Sasa nani mwingine?"

Gari la mahabusu lingefika saa kumi jioni kumpeleka Vernon mjini. Akitiwa hatiani kwa wizi na kumjeruhi mwanamke mzee, hatafungwa tu. Pasipoti yake bado ilikuwa ya kwao, na serikali isingekawia kumpakia melini. Mkewe Mavis, binti wa hapo hapo aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi akiwa na sandwichi alizokatazwa kumpa mumewe.

"Catchpole," alisema Garrod, "lango la bustani yako limefungwa na nini?"

"Na klampu tu, afande. Bawaba ilivunjika."

"Ina rangi gani shingoni?"

Konstebo aligeuka kutazama dirishani. Masikio yake yakawa mekundu.

"Na ile nyundo iliyoko dirishani?"

"Waliviacha wenyewe, afande! Walichimba shimo wakafukia vitu vizima kabisa. Dhambi iliyoje! Kijiji kizima kilikwenda na makoleo. Hata mchungaji alikwenda."

"Kwa hiyo spana hii ingeweza kutoka kwa mtu yeyote."

"Ingeweza," alikubali Catchpole kwa shingo upande. "Lakini lile neno, afande, halikuchimbwa shimoni."

Garrod alivaa kofia yake. Hilo nalo lilikuwa kweli.

*

Gereji ya Herbert Kerridge, alikofanya kazi Vernon, ilikuwa njia panda, na ilinukia grisi, mpira na chai. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa ubao wa vifaa: kila kifaa na kivuli chake kilichopakwa rangi nyeusi, na chini ya kila kivuli jina, kwa herufi safi. Spana. Bisibisi. Jiliwa. Tochi. Ukitazama vizuri uliona kwamba chini ya majina hayo palikuwa na mengine yaliyofutwa kwa rangi, yakichungulia.

"Ubao niliuchukua kambini walipoondoka," alisema Kerridge, mzee mfupi mwenye nyusi nene zinazopanda na kushuka anapozungumza. "Mbao safi hizo. Ila majina yao nikayafuta. Kitu kile kile, bwana, klampu: sisi tunaona ina umbo la G, wao wanaona C. Hebu niambie. C!"

"Inategemea umesimama wapi, mzee," alisema fundi wake kutoka pembeni. Huyu alikuwa Wilf Larter, mtu mrefu wa miaka thelathini na ushei, uso wa utani, kitaulo begani na birika la bati mkononi. "Inspekta, sukari vijiko vingapi? Usiseme kimoja. Chai ya hapa kimoja hakiifikishi popote."

"Viwili."

"Huyo ndiye polisi."

Garrod alipokea kikombe na kuuliza Vernon alikujaje kuajiriwa hapo. Kerridge akacheka kabla hajaanza.

"Siku ya kwanza kabisa, niko chini ya gari la mchungaji, giza tupu, namwambia nipe tochi. Akaniletea taa ya moto, ile ya kuchomelea, imeshawashwa inanguruma! Kwao tochi ndiyo hiyo, na yetu ya betri wanaiita flashilaiti. Nusura tumchome mtumishi wa Mungu kiti cha nyuma. Kuanzia siku hiyo nikapiga marufuku. Ndani ya gereji hii majina ni ya kwetu, basi."

"Na Vernon alitii?"

"Hapa kwangu?" Nyusi zilipanda. "Asingethubutu."

"Lakini amekamatwa kwa sababu ya neno hilo."

Kerridge alikitazama kikombe chake. "Nimeliwaza hilo. Mtu akishikwa na woga, nadhani, anarudia ya kwao. Sijui. Sipendi kulifikiria. Ni kijana mzuri." Vernon alikuwa na miaka arobaini na upara, lakini kwa Kerridge wote walikuwa vijana.

"Baraza lilipokutana kuhusu kengele, ni nani hapa aliyepinga?"

"Mimi nilipinga. Vernon alikaa kimya, alisema yeye mgeni, haimhusu. Wilf ndiye aliyetoka nje akaubamiza mlango."

"Nilikwenda kuvuta sigara," alisema Wilf.

"Huvuti, Wilf."

"Ndiyo maana nilirudi upesi."

Wote watatu wakacheka. Kisha Kerridge akaanza kusimulia kengele yenyewe, na sauti yake ikabadilika. Ndege zilikuwa zikiondoka alfajiri, mstari mrefu, hata vikombe vikatikisika kabatini. Halafu kutwa nzima kimya. Jioni kijiji kizima kiliacha madirisha wazi, hata kipindi cha baridi, wakisikiliza. Kila ndege iliyorudi ilipigiwa kengele mara moja. Watu walikaa mezani, vijiko mkononi, wanahesabu. Kengele ikinyamaza kabla ya idadi kutimia, hakuna aliyemaliza chakula.

"Mke wangu alikuwa na kipenzi chake mmoja hivi, mpiga bunduki wa nyuma ya ndege," alisema Kerridge. "Mtoto tu. Alikuwa akija kula pudingi yetu na kuisifia, nayo ilikuwa pudingi ya karoti za mgawo, Mungu amsamehe. Siku moja kengele ilipungua."

Wilf alimjazia kikombe bila kuulizwa, akakipangusa kitako kwa kitaulo, akarudi kwenye kazi yake. Garrod alimaliza chai. Ilikuwa chai nzuri sana, ya mtu aliyekuwa na mazoezi.

*

Jiko la makaa la kituoni lilikuwa likivuja moshi. Garrod alilichunguza kwa muda, akamwita Catchpole afungue komeo.

"Bwana Ostby, wewe ni fundi. Nati ya bomba hili imelegea. Utanikazia?"

Vernon Ostby alitoka akipepesa macho. Alikuwa na mikono mikubwa na upole wa mtu aliyezoea kuinama chini ya magari. Alichuchumaa, akachagua kifaa katika kisanduku cha konstebo, akaanza. Garrod alimmulikia kwa tochi na kuzungumza naye mambo ya hali ya hewa. Nati ilikuwa na kutu. Vernon akaivuta kwa mikono yote miwili, kifaa kikateleza, na kidole chake kikabanwa baina ya chuma na ukuta.

Alitukana. Alitukana vizuri, kwa mapana, mpaka Mavis kule nje akasema, "Vernon!" Damu ilichuruzika.

"Hii kubwa mno! Nipe spana nyingine, ile ndogo, haraka, moshi huu utatuua!"

Garrod hakusogea. "Umesema nikupe nini?"

"Spana! Hiyo hapo, karibu na mguu wako!"

"Konstebo," alisema Garrod, "umesikia?"

"Nimesikia, afande," alisema Catchpole polepole.

Garrod alimpa Vernon leso na spana. Alisubiri hadi nati ikakazwa na moshi ukaisha. "Kwenu si mnaiita renchi?"

"Kwetu, ndiyo." Vernon alikaa sakafuni, akikizungushia kidole leso. "Ila mzee Kerridge ana sheria yake. Atakayetaja kifaa kwa jina la Kimarekani, anachemsha chai ya gereji nzima. Anachemsha kila siku, mpaka mwenzake ateleze. Ndipo zamu inahama." Alitabasamu. "Mwaka wa kwanza nilichemsha chai mpaka nikawa naliota birika. Nikijitahidi, wananitega. Wilf ananipigia kelele, 'Vernon, gari linaanguka, leta nini? Leta nini?' Nami nalitamka. Wanacheka mpaka wanalia."

"Na baadaye?"

"Baadaye yaliniishia. Baba alipofariki nilirudi Minnesota kuzika. Pampu ya maji ikaharibika, nikamwambia jirani, nipe spana. Akanitazama. Akaniuliza unataka nini. Na mimi, bwana, nikasimama kwenye banda la baba yangu, vifaa vyake vyote vimening'inia mbele yangu, jina halinijii. Lile la kwetu. Nilinyoosha kidole kama mtoto mchanga." Alitazama mikono yake. "Nililia siku ile kuliko nilivyolia kaburini."

Catchpole alikohoa na kuanza kupanga kisanduku kilichokwisha kupangwa.

"Mara ya mwisho kuchemsha chai ilikuwa lini?" Garrod aliuliza.

"Mimi? Malkia alikuwa bado hajavikwa taji."

"Na siku hizi anachemsha nani?"

Vernon alifungua leso, akaifunga tena, ingawa ilikuwa imekaa vizuri tangu mwanzo.

"Bwana Ostby, uliposomewa maneno ya Bibi Olive, ulijua ni nani."

"Niliwaambia si mimi. Niliwaambia mara ngapi, muulize huyu." Aliinua macho. "Hawakuniuliza ni nani."

"Mimi nakuuliza."

"Na mimi nimechoka, Inspekta. Nirudishe tu ndani."

Alijirudisha mwenyewe, na akavuta mlango.

*

Saa kumi ilikuwa imekaribia Garrod alipoegesha gari njia panda. Ndani ya gereji Kerridge alikuwa ameinamia injini ya trekta. Wilf alikuwa mbele ya jiko dogo la mafuta, kitaulo begani, akimimina maji ya moto kwenye birika la bati.

"Bwana Kerridge," alisema Garrod, "Wilf anachemsha chai tangu lini?"

"Wilf? Uuuh!" Kerridge alicheka bila kuinua kichwa. "Tangu mkutano wa baraza. Sijui amepatwa na nini. Kutwa renchi, flashilaiti, klampu ya C. Akishika kitu tu, kinatoka Kimarekani. Tena zamani alikuwa hatelezi hata mara moja kwa mwaka. Nikadhani ananifanyia makusudi, maana toka siku ile walipo—"

Akainuka taratibu, akajigonga kichwa kwenye boneti, wala hakukisugua.

"Wilf?" alisema.

Wilf aliweka birika chini. Alilifunika kwanza, vizuri, ili joto lisitoke.

"Iko kwenye shimo la kukagulia magari, Inspekta. Chini ya magunia. Kengele, namaanisha. Haina hata mkwaruzo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nikiipiga mimi." Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Mzee hajui hilo. Nilikuwa mwosha vifaa kambini, sijaanza hata kunyoa ndevu. Baba yangu alikuwa amekufa, na wale ndio walionifundisha. Hii inaitwa hivi, Wilf, hii inaitwa vile. Sikuwa nimeshika spana maishani mwangu. Nilianza na renchi. Nilikuja kwa mzee hapa nikajifunza upya, nikazoea, nikasahau. Halafu wakailima njia ya ndege, wakapanda shayiri. Nikasema sawa, watu wanakula. Halafu wakasema kengele iyeyushwe. Toka siku ile nikishika chuma chochote nawasikia wao."

"Bibi Olive amevunjika mkono."

"Najua. Nilimsikia akianguka. Nilikimbia. Sina la kusema juu ya hilo."

"Na Vernon yuko ndani siku ya tatu."

"Nilijua watamwachia! Hakuna binadamu gerejini humu asiyejua Vernon hasemi renchi. Nilingoja mtu aseme. Nilingoja mzee aseme."

"Mimi?" Kerridge alidaka. "Wewe ndiye uliyejua, Wilf! Mimi nilikuwa nadhani tu! Ulinimiminia chai siku tatu mwenzako amefungiwa kwenye makaa, na ukaniuliza kama sukari inatosha!"

Nje, gari la mahabusu lilipiga honi.

Halikuwa limetoka mjini Ipswich moja kwa moja. Lilikuwa limepitia kituoni, na Catchpole, ambaye kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa amefikiri bila kuagizwa, alikuwa amekaa mbele na dereva. Vernon alishuka nyuma bila pingu, na Mavis na sandwichi zake. Konstebo alieleza kwamba afande asingekuja hapa mbio namna ile kama mwizi angekuwa kule. Garrod alimwambia amefanya vyema, kisha akamwambia Wilf kwa sauti rasmi kwamba yuko chini ya ulinzi.

Wilf alivaa koti na, kwa mazoea, akakirudisha kitaulo begani. Alipita mbele ya Vernon, akasimama. Vernon naye alikuwa amesimama tu, kidole kimefungwa leso ya polisi. Hapana aliyejua pa kutazama. Kerridge alitazama ubao wake.

Vernon naye akautazama ubao. Aliutazama kwa muda mrefu, kivuli kwa kivuli, na midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mzee, hebu nipe hiyo renchi."

Nyusi za Kerridge zilipanda, zikabaki juu.

"Umesemaje?"

"Renchi. Hiyo hapo." Akairudia. "Renchi."

Aliunyoosha mkono wenye leso, akakitwaa kitaulo begani kwa Wilf, akakitupia begani kwake. "Zamu imehama. Kaa chini, Wilf."

Wilf alimtazama Garrod. Garrod alitoka hadi kwenye gari na kumwomba dereva azime injini. Dereva alisema ana ratiba. Garrod akamwuliza kama chai anaipenda na sukari vijiko vingapi.

Waliketi wote, juu ya magurudumu na makreti, Mavis akagawa sandwichi. Vernon alihangaika peke yake kwenye jiko. Alitafuta majani kwenye kopo lisilo lake, akasahau kuweka maji mapya, akaiacha chai ikae mno. Ilikuwa mbaya ajabu, nyeusi, chungu. Kerridge alipiga funda moja, akafumba macho, akameza. Wilf alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akainywa hadi makapi, kisha akamnyooshea Vernon amwongezee nyingine.